Mstari Mmoja Katika Kijitabu cha Manowari

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa taipisti na msoma prufu katika kiwanda kidogo cha uchapaji, chini ya nyumba ya ghorofa iliyo kati ya Kariakoo na Mnazi Mmoja. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, lebo za sabuni, na mwisho wa mwaka kalenda zenye picha za miungu ya Kihindi. Mwenye kiwanda alikuwa Mhindu wa makamo ambaye wafanyakazi wote tulimwita tajiri. Nyumba ile aliijenga baba yake, serikali ikaitaifisha, na sasa yeye alikuwa mpangaji kwenye nyumba aliyozaliwa. Alinieleza hayo mara moja tu, siku nilipomuuliza kwa nini jina lililoandikwa kwa saruji juu ya mlango ni la ukoo wake. Hakuyarudia.

Kazi zilikuwa nyingi kuliko zamani. Kila aliyefungua duka alitaka vitabu vya risiti, na kila wiki lilifunguliwa duka. Lakini mimi nilikuwa nikienda kazini na moyo mzito, kwa sababu ya baba.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alipokuwa kijana serikali ilimpeleka Ulaya, miaka miwili, akajifunza kazi katika karakana ya meli. Alirudi na cheti, na lugha ya watu wale kama inavyosemwa karakanani, imejaa majina ya vyuma na matusi. Baadaye alifanya kazi miaka mingi katika shirika la umma la kutengeneza vyombo vya majini, mpaka shirika likavunjwa na watu wakapunguzwa. Yeye na wenzake sita wakahamia mtaa wa Gerezani, kule kwenye kelele za nyundo, wakawa wanatengeneza majiko, mageti na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mama alikuwa ameshafariki. Tuliishi wawili, baba na mimi, vyumba viwili, na jioni nikirudi nilimkuta ameketi mlangoni anaitazama mikono yake kama anayeitafutia kazi.

Siku moja asubuhi akaja pale kiwandani bwana mmoja mwenye suti, kutoka maofisini mtaa wa Posta. Alisema yeye ni wakala wa watu wa Ulaya wanaojenga manowari. Jeshi la wanamaji la nchi yao lilikuwa limeanzisha mradi mkubwa wa kujenga manowari za kisasa, nyingi za muundo mmoja. Baadhi wangebaki nazo wenyewe, nyingine wangeziuza kwa nchi rafiki. Moja iliyokwisha kukamilika ilikuwa inazungushwa bandari hadi bandari ili wanunuzi waione kwa macho yao, na baada ya wiki tatu ingeingia Dar es Salaam. Alitaka kijitabu cha Kiswahili cha kuwagawia wageni watakaopanda kuitazama.

"Cha Kiingereza si unacho?" tajiri akamwuliza.

"Ninacho. Wakubwa watakisoma hicho. Nataka na mtu wa kawaida asome, aone ni jambo jema."

Tajiri akanielekezea kidole. "Binti huyu atakitafsiri. Kiswahili chake kimenyooka."

Nilipoitaja nchi ile kwa baba jioni, alinyanyua kichwa. Ilikuwa nchi aliyosomea.

Nikafanya kazi ile kwa siku nne. Kiingereza kilisema frigeti, nami nikaandika frigeti. Tajiri akasoma kwa sauti, akavua miwani. "Binti, watu watadhani tunatangaza mafriji." Nikaweka manowari. Rada, helikopta, mizinga, hayo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni ukurasa wa mwisho.

Tulikuwa bado tunapanga maneno kwa herufi za madini ya risasi, na kijitabu kilipimwa kurasa nane. Ukurasa wa nane ukazidi mstari mmoja. Tajiri akasema hawezi kuongeza karatasi kwa ajili ya mstari mmoja, nitafute cha kupunguza. Katika ukurasa ule palikuwa na sentensi hii: "Mafundi na karakana za nchi itakayonunua huenda wakashirikishwa katika matengenezo ya manowari hizi." Nikaondoa neno "huenda", nikaandika "watashirikishwa". Mstari ukaingia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niligusa pale. Maneno "za kisasa kabisa" yalikuwa mara nne katika ukurasa uleule, na ningeyakata mawili bila kumdhuru mtu. Siwezi kusema sikuona tofauti. Niliiona. Nilikuwa nikimwaza baba, na nadhani nilitaka karatasi iseme vile ili iwe kweli.

Siku hiyo nilirudi nyumbani na prufu, ile nakala ya kusahihishia, ya ukurasa wa nane, maana nilijua atapenda kuiona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta?"

Akaenda kunawa mikono kwanza, akakaa mlangoni penye mwanga, akasoma kwa kufuata maneno na kidole. Alipofika pale akasimama, akarudi mwanzo wa sentensi.

"Watashirikishwa," akasema.

Nilikuwa napepeta mchele. Nilikuwa na nafasi pale ya kumwambia, baba, hilo neno nimelifupisha mimi, la kwao si hilo. Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Kesho yake akawasomea wenzake kule Gerezani. Karatasi ilikuwa moja tu, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wao, kwa hiyo walimsikiliza yeye. Wale wenzake walikuwa watu wa shirika moja tangu zamani. Aliyekuwa karibu naye zaidi alitokea Masasi, mtu mwembamba, mpole, mimi nikimwita baba mdogo kwa sababu nilikua nikimwona kwetu kila Ijumaa akitoka msikitini.

Siku zile walikuwa wameshakubaliana na mfanyabiashara mmoja mwenye mabasi. Alitaka waende kwenye uwanja wake Ubungo wamjengee bodi za mabasi, kazi ya mwaka mzima, pengine zaidi. Walikuwa waanze mwezi uleule. Baba akasema wamwambie hapana.

Jioni moja nilipowapelekea chai niliwakuta wanalizungumza. Baba mdogo hakuwa na uhakika.

"Kaka, mimi nafikiri tuanze mabasi. Meli zikija, tunaondoka tunaenda kwenye meli."

"Ukishaanza kazi ya mtu huondoki katikati," baba akamjibu. "Na hawa jamaa wakija kututafuta wakakuta hatupo, watachukua wengine. Nawafahamu. Wanapenda mtu aliye tayari."

"Na kama hawaji?"

"Wameandika. Wale watu hawaandiki kitu cha ovyo."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamimina chai kwenye vikombe saba, nikaondoka.

Yule mwenye mabasi aliambiwa hapana. Baba akatoa cheti chake chini ya godoro, akaniomba nikipige fotokopi Posta, na vya wenzake pia. Walivitia vyote kwenye bahasha moja ya kaki. Kwa wiki mbili nilimwona baba kama alivyokuwa nilipokuwa shule ya msingi, anapiga mluzi akinyoa ndevu. Kila siku niliamka nikisema leo nitamwambia, na kila siku mluzi ule ulinifunga mdomo.

Meli ikaja. Wakala alimpa tajiri kadi mbili za mwaliko, na tajiri akanikabidhi zote. "Mpeleke mzee wako," alisema. "Mimi meli zinatosha. Babu yangu alikuja kwa meli, akatapika mpaka Zanzibar."

Baba akavaa suti yake ya kaunda, na bahasha ya vyeti akaiweka kwapani. Wenzake walitusindikiza mpaka kona ya barabara. Baba mdogo alimsawazisha kola.

Sijaingia tena katika chombo kama kile. Kilikuwa cha rangi ya majivu, safi kama wodi ya hospitali, na kila kitu kilikuwa na namba. Wageni walikuwa wakipigana picha karibu na mzinga. Katika ukumbi mmoja Mzungu asiye mwanajeshi alikuwa akionyesha sanamu ya meli ndani ya sanduku la kioo, imegawanywa vipande kwa rangi mbalimbali. Alieleza kwamba manowari hizi hujengwa vipande vipande katika mabanda tofauti, halafu vipande vinaunganishwa, na kwamba kadiri nchi zinavyoagiza nyingi ndivyo kila moja inavyopatikana upesi. Alieleza vizuri, bila majivuno. Mtu mmoja akamwuliza sisi tutapigana na nani. Akasema manowari ni kwa ajili ya amani, ya kulinda samaki na bandari. Watu wakatikisa vichwa.

Baba hakuwa akisikiliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta wa chuma, anapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kuchomelea, polepole, kutoka chini hadi pale mkono wake ulipofika. Kisha akamwendea baharia mmoja mtu mzima mwenye mvi, akamsemesha kwa lugha yao. Yule baharia alishtuka, halafu uso ukamfunguka. Wakaongea kwa muda, wakacheka, baba akitaja majina ya mitaa ya mji ule aliosomea. Mwishowe baharia akaingia ndani, akatoka na kijitabu cha lugha yao, akampa.

Baba akakichukua mpaka ukingoni mwa meli. Nilikuwa upande wa pili, nikamwona akifungua nyuma, ukurasa wa mwisho, akifuata maneno na kidole. Akasimama. Akatoa mfukoni ile karatasi yangu iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akaiweka juu ya kile kijitabu. Alitazama huku, akatazama huku. Nikageuza uso, nikajifanya naangalia helikopta.

Ile bahasha ya kaki hakumpa mtu yeyote. Tulishuka nayo.

Tukarudi kwa miguu. Pale Mnazi Mmoja walikuwa wanafunga vipaza sauti kwa ajili ya mkutano wa chama kimojawapo kipya, na mtu alikuwa akijaribu maikrofoni, moja, mbili, moja, mbili. Baba akasimama kununua karanga. Akanipa kipakiti kimoja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

"Kile kijitabu," akasema, "maneno uliyapanga wewe?"

"Yaliletwa na wakala, baba."

"Yalikuja hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Alitafuna karanga kidogo. "Sawa," akasema. Tulipovuka barabara akaongeza, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Mishono ya meli ile imeshonwa na mashine yote. Nimeutafuta mkono wa mtu, sikuuona."



Meli ikaondoka baada ya siku tatu. Wakala alilipia kazi yake na hakuonekana tena. Kuhusu manowari zile sikusikia lolote tena, ila mara moja nilisoma gazetini kwamba nchi nyingine, mbali na kwetu, imenunua mbili.

Kule Gerezani mambo yakaharibika. Wenzake baba walimrudia mwenye mabasi wakakuta ameshapata mafundi wengine. Halafu wakaanza kutawanyika. Wawili wakaenda Mbagala, mmoja akarudi kwao Lindi, wengine wakahamia upande wa pili wa uwanja wa mafundi. Baba akabaki peke yake na majiko yake. Baba mdogo hakuja tena kwetu siku ya Ijumaa. Nikikutana naye sokoni ananiitikia shikamoo vizuri kama zamani, ila aliacha kuniuliza, "Mzee hajambo?" Mimi nilidhani wote wana hasira na Wazungu, na kwamba wanamlaumu baba kwa kuwaamini. Nilidhani hivyo kwa sababu ilinifaa.

Ikapita miaka minne. Tajiri akanunua kompyuta, zile herufi za risasi akawauzia watu wa vyuma chakavu. Siku moja baba mdogo akaingia kiwandani, anataka kadi za harusi ya binti yake. Nikamketisha, nikamwonyesha mifano. Alichagua yenye maua mekundu. Nilipokuwa naandika majina, nikajikuta namwambia, "Baba atafurahi kupata kadi."

Akairudisha kadi mezani. "Baba yako sitampa kadi," akasema. "Nisamehe mwanangu, wewe utakuja. Yeye hapana."

"Kwa sababu ya zile meli?"

"Kwa sababu ya uongo. Tungekosa kazi kwa bahati mbaya ningesema ni riziki. Lakini yeye alisimama mbele yetu, kesho yake ile mliyotoka melini, akasema kijitabu hakikusema watashirikishwa. Kilisema huenda. Yeye ndiye aliyetusomea vibaya, kwa tamaa yake ya meli. Mmoja wetu akaomba aione ile karatasi kwa macho yake. Akasema ameitupa. Mtu tuliyefanya naye kazi maisha yetu yote."

Tajiri alikuwa na kabati la chuma alimotunza nakala moja ya kila kitu tulichochapa. Nikaenda, nikapekua, nikaitoa ile ya manowari. Nikaifungua ukurasa wa nane, nikaiweka mbele yake juu ya zile kadi.

Akasoma. Akasoma tena.

"Imeandikwa watashirikishwa," akasema.

"Baba alisoma sawasawa. Neno huenda lilikuwepo kwenye Kiingereza, mimi ndiye niliyeliondoa. Mstari ulizidi."

Nikamweleza yote, pamoja na kile nilichojibu Mnazi Mmoja. Tajiri alikuwa mezani kwake, akaacha kupiga hesabu akawa anasikiliza. Baba mdogo aliinamia kofia yake magotini.

"Miaka minne," akasema. "Nimempita mtu yule miaka minne kama nguzo ya umeme."

Akainuka akatoka bila kuchagua ukubwa wa kadi. Kupitia dirishani nilimwona akikata kulia, kuelekea Gerezani, anatembea upesi kupita umri wake.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilifikiri nimetenda jema. Baba alikuwa amefika kabla yangu.

"Shikamoo baba."

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Hakuna, baba. Nimeona si haki."

"Haki ya nani?"

Nikauweka mkoba wangu chini.

"Amekuja pale," akasema. "Mbele ya wateja amenishika mikono, ananiomba radhi, mtu mzima, machozi yanamtoka. Kosa si lake. Aliikosa kazi, akaniamini, na sasa ananiomba radhi mimi. Unadhani nilijisikiaje?"

"Nilitaka akusamehe."

"Nilikuwa sihitaji. Nilikuwa nimeshazoea." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mnazi Mmoja nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili. Ungeniambia pale, asubuhi tungekwenda kwao pamoja, mimi na wewe, tungesema ukweli, wangekasirika wakamaliza. Ukanikatalia. Nikaona basi, mtoto anaogopa. Wakijua ni wewe watakwenda kwa yule Mhindi, utafukuzwa kazi, na mimi sina kazi ya kukulisha. Nikalichukua kosa mimi. Leo umekuja kujitua mzigo wewe, kwa wakati wako."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe zamani. Si hilo ninalosema."

Kwa siku nyingi baada ya hapo tulizungumza mambo ya chakula na maji tu. Harusini alikwenda. Walimketisha karibu na wazee wa upande wa binti, na baba mdogo akawa haondoki kando yake, anamsogezea pilau, anamwongezea soda, mpaka nikaona baba anachoka na ile huruma. Ijumaa zikarudi, lakini hazikuwa zile za zamani. Walikaa wakazungumzia afya na mvua. Majina ya wale wengine watano hawakuyataja; baba alikuwa amemkataza asiwaeleze.

Mimi niliendelea na kazi ya kutafsiri, na mpaka sasa ndiyo inayonipa chakula. Nimetafsiri maelezo ya dawa, mikataba, katiba za vikundi. Watu wananisifu kwa umakini, wanasema sipotezi neno. Baba amefariki, na aliyeshika upande wa kichwa wakati wa kumbeba alikuwa baba mdogo. Kati ya wale watano, mmoja nasikia yuko Mbagala bado, macho hayaoni tena kwa sababu ya kazi. Mara mbili nimeshajiandaa kwenda kwake, nimevaa kabisa, nimefika kituoni. Kila mara nasikia lile swali la baba, haki ya nani, na sijui kama nakwenda kwa ajili ya yule mzee au kwa ajili yangu. Mara zote mbili nilirudi nyumbani. Wale watano bado wanaamini kwamba baba yangu aliwadanganya.